Filimbi ya Mzee Hoza

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yenyewe si ya masultani wala majini. Ni ya juzijuzi, ya simu na ndege, lakini imeshapita, na mimi kilichopita nakiita zamani. Kaeni vizuri. Mwenye simu aizime, maana nikimaliza nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie mwanzo ulimpita.

Hapo zamani palikuwa na mama mmoja wa Korogwe, Bi Mwanaidi, mjane wa Mzee Hoza. Mzee Hoza alikuwa stesheni masta. Alipokuwa kijana alipelekwa Uingereza kusomea kazi ya reli, akakaa katika mji mmoja wenye kilima. Jina la mji ule nimetajiwa mara nyingi, ila ulimi wangu haulipatii, kwa hiyo tuuite Mji wa Kilima, na wenyewe watatusamehe.

Aliporudi, alirudi na hadithi moja. Alisema kule kwa Wazungu kuna njia imesimama kiasi kwamba watu wazima, mahakimu na madaktari, wanaipanda wameshika chuma kilichofungwa ukutani, kama watoto wanaojifunza kutembea. Na juu kabisa kuna kengele. Saa sita mchana ikigongwa, unaisikia mwilini.

Basi. Hadithi ndiyo hiyo. Lakini Korogwe walicheka mpaka wakakaa chini. Ulaya, mahali pa lifti, mtu ashike ukuta? Wakaitia chumvi wenyewe. Huyu akasema Hoza anadai ardhi ya Ulaya inatetemeka kwa kengele, yule akasema Hoza anadai hata nyumba zinahama. Wakambandika jina: Bwana Kengele. Akipita sokoni, mtu anagonga sufuria. Watoto wake shuleni wakaitwa watoto wa Bwana Kengele. Mzee alizeeka na jina hilo, akaugua nalo, akazikwa nalo. Hata matangani kuna mtu alilitaja, na watu wakatabasamu. Bi Mwanaidi aliyaona yale matabasamu, na waliotabasamu aliwashika sura.

Sasa, binti yake Salha aliolewa akahamia Uingereza. Akajifungua mtoto wa kiume, tena kwa upasuaji, na kwetu sisi mzazi haachwi peke yake. Mama akapanda ndege kwenda kumlea arobaini. Akamkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akamwogesha mtoto, akafua. Arobaini nzima, Uingereza ya Bi Mwanaidi ilikuwa jiko, bafu na dirisha lenye mvua. Mtoto akapewa jina la babu yake, Hoza, na bibi akawa anamwita "mume wangu", kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao. Ila huyu bibi, ukimsikiliza vizuri, alikuwa hatanii sana.

Arobaini ilipotimia, mwanawe mkubwa, Mhando, akafika na mkewe, Mwantumu, kumwona mtoto na kumrudisha mama nyumbani. Mhando ni bwana mkubwa wa wilaya. Nyumbani hata mwavuli anashikiwa. Mwantumu ni mwalimu wa fizikia, na ndiye aliyemuuguza Mzee Hoza miezi yake ya mwisho, kwa sababu mkwe ndiye aliyekuwa karibu na watoto walikuwa na kazi zao. Alimlisha, akamgeuza, akamsikiliza. Hilo lishikeni, litarudi.

Wakaanza safari ya kwenda uwanja wa ndege kwa treni, na Salha na mtoto wakatoka nao kuwasindikiza.

Mizigo sasa. Mnajua wenyewe. Mtu wa kwetu akisikika anasafiri, safari si yake tena. Watu wetu wanaoishi kule walikuja mlangoni mmoja mmoja, kila mtu na kifurushi chake. Makoti ya baridi ya babu wa mtu kule Lushoto. Matone ya macho ya mama wa mtu. Viatu vya mtoto ambaye, wallahi, hadi vifike atakuwa amevizidi. Vyote vikatiwa katika sanduku moja jekundu, likafungwa kamba ya manila, likawa zito kama maiti. Sanduku lile ni amana. Halifunguliwi, haliachwi, wala haombwi mgeni alitupie jicho. Juu ya hilo kulikuwa na mabegi yao wenyewe na mfuko wa mtoto.

Salha ndiye aliyepanga safari. Akasema, "Tutabadilisha treni njiani. Ndiyo njia pekee." Wakateremka asubuhi katika mji fulani, na treni ya pili ilikuwa baada ya saa sita.

Bi Mwanaidi akatoka nje ya kituo kunyoosha miguu. Akainua macho. Akaona kilima, na juu ya kilima kanisa kubwa la mawe lenye minara, limeukalia mji wote.

"Salha," akasema taratibu, "mji huu unaitwaje?"

Salha akautaja.

Mama akakitazama tena kile kilima. Akatia mkono kifuani, chini ya koti na sweta na kanga, akatoa filimbi ya shaba. Ile filimbi wote waliijua. Ndiyo aliyoruhusia treni Mzee Hoza miaka yote ya kazi. Watu walikwisha iomba, Mhando alikwisha iulizia, na mama hakumpa mtu.

"Nyinyi mnadhani nimekuja Uingereza kukanda watu tu," akasema. "Mume wangu kazikwa na jina la mwongo. Leo napanda kile kilima, na kengele ya saa sita inikute juu, niisikie ardhi ikitetemeka. Kama alisema uongo, niusikie kwa masikio yangu mwenyewe, nisihadithiwe. Kama alisema kweli, Korogwe watanitambua. Na atakayenifikisha kwenye ukweli wa Hoza, filimbi hii ni yake."

Mhando akakitazama kilima, akalitazama sanduku jekundu.

"Mama, turudi ndani. Treni itatuacha, halafu na ndege itatuacha."

"Rudini nyinyi. Mimi napanda."

Kituo hakikuwa na mahali pa kuweka mizigo. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa anauza kahawa pale nje akaona wanavyohangaika, akawaambia kwa upole waache mizigo kwake, ataitazama. Alikuwa mtu mwema, hakuna ubaya. Lakini Mwantumu alipomtafsiria mkwewe, Bi Mwanaidi alishika kamba ya manila kana kwamba kuna mtu ameivuta.

"Namjua? Anamjua mzee wa Lushoto? Mshukuru sana, mwambie Mungu ambariki, na twende zetu."

"Mama, basi tuchukue teksi izunguke nyuma," akasema Mhando. "Au turudi ndani."

"Hoza alipanda na teksi? Rudini nyinyi. Mimi napanda."

Wakaondoka hivyo. Mhando na sanduku jekundu linalovuta mkono wake nyuma. Mwantumu na mabegi, moja mgongoni, jingine begani, jingine mkononi. Salha na mfuko wa mtoto, anatembea amejishika tumbo pale penye mshono. Na mbele yao Bi Mwanaidi, mjukuu kafungwa mgongoni kwa kanga juu ya koti, filimbi shingoni, anakwenda kama anayemdai mtu.

Kwa nusu ya kwanza mji ulikuwa tambarare, na siwezi kusema hawakuona vitu. Waliona daraja la zamani lenye nyumba juu yake, na chini yake mabata meupe ya shingo ndefu yanayotazama watu kwa dharau. Waliona duka linalouza jibini tu, hakuna kingine. Mwantumu alikuwa anasimama kila dirisha. Huyu hakuwahi kutoka nje ya nchi, na alikuwa ametamani kuuona Mji wa Kilima tangu siku za kumuuguza mzee, lakini mkwe hasemi, "Na mimi nilitaka." Alisimama, akatazama, akakimbia kuwafikia, mabegi yakimpiga makalioni. Watu wa mji nao waliwatazama. Bi Mwanaidi aliwatazama wao vilevile, mpaka wao wakageuza macho kwanza.

Halafu njia ikainuka.

Haikuinuka kidogo kidogo. Ilisimama. Mawe yamepangwa chini, maduka yamelaliana huku na huku, gari haliruhusiwi, na kule mbele ya macho yao alikuwepo bwana mmoja mwenye suti na mkoba wa kazi, anapanda pole pole, na mkono wake umeshika chuma kilichofungwa ukutani.

Bi Mwanaidi akasimama. Akakishika kile chuma kwa mkono wa kulia. Akamwita mwanawe.

"Mhando. Njoo ushike."

"Mama, nimekiona."

"Sikukwambia uone. Shika."

Mhando akashika. Chuma kilikuwa cha baridi, kimelainishwa na mikono ya watu.

"Hiki ni nini?"

"Chuma, Mama."

"Nani alisema hakuna?"

Mhando akakiachia chuma, kwa sababu mmoja wa waliosema ni yeye. Alipokuwa kidato cha kwanza aliwahi kupigana kwa jina la Bwana Kengele, na alipopigwa alirudi nyumbani akamwambia baba yake mbele ya wageni, "Acha kutuaibisha na uongo wako." Mzee Hoza alivaa kofia yake. Alikwenda zake kazini.

Wakapanda. Sanduku jekundu likawa linaruka kwenye mawe, ta-ta-ta-ta, na walipofika kama katikati ya kilima gurudumu likang'oka, likaondoka peke yake, likashuka lile teremko likirukaruka mpaka likapotea mjini. Mhando alilitazama linavyokwenda kama mtu anayeona mshahara wake unaondoka.

"Mama, turudi."

"Rudini nyinyi. Mimi napanda."

Bwana mkubwa akalipandisha sanduku begani. Mwenye kushikiwa mwavuli. Shati likamtoka kwenye suruali, na jasho likamshuka katika baridi ile. Hatua kidogo, na goti la Bi Mwanaidi likakataa. Halikuuma tu, lilikataa. Akakaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, kashika chuma kwa mkono mmoja, mtoto mgongoni kalala. Juu hapakuwa mbali, na saa sita haikuwa mbali.

Wote wakasubiri Mhando aseme turudi. Hakusema. Alimgeukia dada yake.

"Salha. Kweli hii ndiyo njia pekee?"

Salha akaangalia chini. Halafu akainua uso, na ule uso ulikuwa wa mama yake mtupu.

"Kuna treni ya moja kwa moja, kaka. Nilidanganya. Nimeishi nchi hii miaka yote na sikuwahi kuja hapa, kwa sababu niliogopa. Niliogopa nisikute chuma. Mama alipokuwa ananikanda alikuwa anazungumza na mtoto, anamwambia, mume wangu, ungenionyesha ile kengele. Kila siku. Mimi nasikia, najifanya nimelala. Ungenisikiliza kama ningekwambia ukweli?"

"Nisingekusikiliza."

"Ndiyo maana."

Hapo Mwantumu akaweka mabegi chini, yote matatu, akayapanga ukutani.

"Baba Zaina," akamwambia mumewe, "tua hilo sanduku. Mchukue Mama. Mimi nakaa na amana za watu."

"Utabaki hapa katikati peke yako?"

"Nimekaa sehemu mbaya zaidi ya hii. Nendeni, saa inakwenda."

Akakaa juu ya sanduku jekundu, akashika chuma. Salha akamchukua mtoto. Na Mhando, mbele ya maduka, mbele ya watalii na kamera zao, akapiga magoti kwenye yale mawe, akampa mama yake mgongo.

"Panda, Mama."

"Utaweza?"

"Panda."

Akapanda. Mtu na mama yake mgongoni, na nyuma yao mzazi aliyetoka arobaini na mtoto mikononi. Watalii wakapisha. Mmoja akataka kuwapiga picha. Bi Mwanaidi akamwinulia kiganja kutoka mgongoni kwa mwanawe, na yule akashusha kamera yake.

Wakafika juu. Palikuwa na uwanja wa mawe, ukuta wa ngome upande mmoja, kanisa upande wa pili, na kanisa lenyewe lilikuwa refu mpaka shingo inauma. Ukigeuka unaiona nchi tambarare imetandazwa mpaka mwisho wa macho. Bi Mwanaidi hakugeuka. Alishuka mgongoni, akavua viatu, akavua na soksi, akasimama peku juu ya mawe ya Uingereza, miguu imeachana, macho amefumba.

Kengele ikagonga.

Ilikuwa kengele kweli. Njiwa waliruka, mtoto akashtuka akalia, na sauti ile ilijaa uwanja wote. Ikagonga na kugonga, halafu ikanyamaza. Bi Mwanaidi akafumbua macho. Akaitazama miguu yake.

"Kengele ipo," akasema. "Ardhi imetulia."

Bi Mwanaidi akangoja kidogo, labda tetemeko lilikuwa linachelewa. Halikuja. Mhando angeweza kusema maneno mengi pale, maneno aliyoyaweka tangu kidato cha kwanza. Alipiga magoti mara ya pili, akampangusa mama yake nyayo kwa leso, akamvalisha soksi. Mama akamwegemea begani, akamwangalia mjukuu wake kwa uchungu ambao sijui niuseme vipi. Alikuwa amekuja kulichukua jina la mumewe, akapewa nusu.

"Mume wangu," akamwambia mtoto, "kwa nini uliongeza?"

Wakaanza kushuka, Bi Mwanaidi akijikongoja, chuma mkono mmoja, Mhando mkono mwingine. Wakamkuta Mwantumu palepale. Hakuwa amekaa tena. Alikuwa amesimama, mikono yote miwili imeshika chuma, na mashavu yamelowa.

"Mama," akasema, "kimetetemeka."

"Nini?"

"Chuma. Kengele ilipogonga, chuma kimetetemeka mikononi mwangu. Kimepanda mpaka hapa," akagusa kiwiko, "mpaka hapa," akagusa kifua. "Baba hakusema ardhi, Mama. Ardhi walisema watu wa sokoni. Baba aliniambia mimi, siku namlisha uji. Alisema, 'Ushike chuma, mwanangu, saa sita ikikukuta katikati ya kilima, utaisikia mwilini.' Ndivyo alivyosema."

Bi Mwanaidi akampangusa mashavu. Kisha akaiweka filimbi mdomoni akaipuliza. Aliipuliza kwa nguvu zote za arobaini aliyofungiwa na miaka yote ya sufuria za sokoni. Wauza maduka wakatoka nje. Bwana mmoja akadondosha mkate. Mhando, ambaye zamani angetafuta shimo la kujificha, alisimama kando ya mama yake kifua mbele mpaka pumzi ya mama ikaisha.

Kisha Mhando akakishika kile chuma. Kilikuwa cha baridi na kimetulia, kwa sababu kengele ilishanyamaza. Akakishika mahali pengine. Kimetulia.

Hayo mengine niliyoyasikia ni ya ndani ya treni, maana treni waliiwahi, Mhando na sanduku kichwani. Bi Mwanaidi kakaa dirishani na filimbi kwenye ngumi. Akasema, "Haya. Semeni."

Mhando akasema, "Mama, mimi sikuamini, sikatai. Nilimwonea haya baba yangu, na nilimtamkia. Lakini leo nimebeba amana za watu, na nimekubeba wewe. Wanaoamini walikuwa wengi pale chini, mgongo ulikuwa mmoja. Nimepanda kile kilima kwa ajili ya neno nililolikana, na hiyo ni kazi kubwa kuliko ya anayeamini. Nisingepiga magoti, usingesikia hata hiyo kengele."

Salha akasema, "Ungempa nani mgongo, kaka, kama mngekuwa mmepita na treni ya moja kwa moja? Nyinyi wote mlikuwa mnakwenda nyumbani mkiwa mmelala. Mimi nimefungua njia. Nimemdanganya kaka yangu mkubwa, sijawahi. Ndege ingewaacha, lawama zingekuwa zangu. Na nimepanda na mshono, na nimeshuka na mshono."

Mwantumu hakutaka kusema. Bi Mwanaidi akamwambia, "Sema, mwanangu. Leo hakuna mkwe hapa."

Mwantumu akasema, "Mimi nilitaka kufika juu kuliko wote. Nilimsikiliza Baba alipokuwa hana mwingine wa kumsikiliza. Nimekaa na makoti ya mzee wa Lushoto ili nyinyi mwende. Na Mama alitaka ukweli. Mmemletea kengele. Ukweli nimemletea mimi."

Hapo Mhando akageuka, na alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu anampenda mkewe.

"Mama Zaina, nikuulize. Ulijua ni chuma, siyo ardhi. Mbona hukusema tulipokuwa pale pale pamoja? Mama angekaa na wewe, angekishika mwenyewe, asingehitaji kuambiwa. Umemwacha apite pale penye ukweli, akaenda kuvua viatu kwenye baridi."

"Ningesema vipi?" akajibu Mwantumu. "Mama anasema maneno ya mumewe, mimi mkwe nimkosoe mbele ya watoto wake? Nimwambie Baba aliniambia mimi, hakukwambia wewe? Wewe ungekuwa mimi, ungesema?"

"Au hukusema kwa sababu hukujua. Wewe ni mwalimu wa fizikia. Unajua sauti inavyopita kwenye chuma. Umemwona Mama anashuka na ule uso, na umetafuta uongo mzuri. Sikulaumu. Lakini nataka kujua."

Salha akasema, "Kaka, mwache wifi."

Mwantumu alimtazama mumewe, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Kimetetemeka," akasema.

Wakarudi. Amana zilifika zote, na viatu vya yule mtoto havikumwenea, nilisema. Asubuhi ya kwanza tu, Bi Mwanaidi alikwenda sokoni Korogwe. Yule wa kugonga sufuria alikuwepo, mzee sasa. Bi Mwanaidi alisimama mbele ya meza yake ya nyanya, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stendi:

"Chuma kipo. Nimekishika. Kengele ipo. Nimeisikia. Na kengele ikilia, chuma kinatetemeka."

"Umekisikia wewe mwenyewe kinatetemeka?" akauliza yule mzee.

"Nimeambiwa na mtoto wangu," akasema Bi Mwanaidi. "Kama mimi nilivyoambiwa na mume wangu. Kama una sufuria, gonga nikuone."

Hakugonga. Na tangu siku ile hakuna aliyegonga, na jina la Bwana Kengele limekufa Korogwe.

Lakini filimbi bado iko kifuani kwake. Usiku anaitoa, anaitazama, anairudisha. Mhando haiulizii tena, Salha kule aliko haiulizii, Mwantumu ndiyo kabisa. Bi Mwanaidi ameniambia mimi nizunguke niulize watu ambao hawakuwepo, maana waliokuwepo wote anawapenda.

Msiniambie wagawane. Filimbi haigawanyiki, na wale watatu si watoto wa pipi. Wala msiniambie apewe mjukuu kwa sababu ana jina. Yule alilala njia nzima na kengele ilipogonga akalia. Nataka jina moja. Kuna aliyedanganya ili safari iwepo. Kuna aliyepiga magoti kwa neno alilolikana. Kuna aliyebaki nyuma na mizigo ya watu, akarudisha heshima ya mzee kwa neno ambalo hakuna shahidi wake ila chuma.

Nyinyi mliokaa hapa na miguu yenu haiumi: filimbi ya Mzee Hoza ingekuwa mikononi mwenu, mngempa nani? Na kama chuma hakikutetemeka, bado mngempa huyohuyo?